Taa Nyekundu ya Mnarani

Jumatatu, tarehe 2

Daftari hili amenipa Binti Umeme niandike kila siku hali ya injini: oili, maji, betri, basi. Nimeangalia. Oili ipo, maji yapo, betri ipo. Kazi imekwisha na ukurasa umebaki mtupu kama kichwa cha mkuu wetu wa ofisi. Mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, lakini karatasi nzuri ikipotea bure roho inaniuma. Nitaijaza na habari za watu. Injini haina mengi.

Kwa asiyejua: mimi ni mlinzi wa king'ora. Mnara uko juu ya kilima, mto uko chini, na kati yangu na mto kuna watu. Maji yakipanda huko mtoni juu, mpima maji ananipigia simu. Nawasha injini ya dizeli iliyo kwenye kibanda, injini inazungusha ile feni nzito ya chuma iliyo kileleni mwa mnara, feni inalia mpaka meno yanauma, na watu wa bondeni wanabeba watoto na magodoro wanapanda. Ndiyo kazi nzima. Mwaka mzima nakaa bure ili siku moja nisikae bure.

Jumanne

Binti Umeme amefunga sanduku jipya ukutani. Ni fundi wa umeme wa ofisi, ana mikono midogo na mdomo mkubwa. Ndani ya sanduku mmejaa vijisanduku vinavyobofya *tak, tak*. Anaviita rilei.

"Hii ya kwanza inaangalia oili," akaniambia. "Ikipungua nguvu, inazima injini. Hii inaangalia joto. Hii ukiwasha mara tatu ikakataa, inakukatalia ya nne, betri isife. Na hii, babu, ndiyo mama yao. Mlango wa chuma kule juu kwenye feni ukiwa wazi, injini haiwaki kabisa. Taa nyekundu itakuonyesha."

"Kwa hiyo nimeozwa uzeeni, nimeletewa wakwe wanne."

"Babu, hao wakwe watakusaidia."

"Wakwe hawasaidii, mwanangu. Wanakuja, wanakaa, wanauliza maswali."

Akacheka, lakini spana hakuiweka chini. Anafanya kazi vizuri, sitamwambia.

Jumatano

Manyunyu. Goti la kushoto limeanza kutabiri.

Ijumaa

Shemeji amekuja kupaka grisi. Huyu ni mume wa dada yangu mdogo, na ndiye anayepanda mnarani, kwa sababu magoti yangu yameshastaafu, mwenye magoti ndiye bado. Miaka mingi ya kukaa karibu na ile feni imemla masikio. Ukimwambia habari anaangalia midomo yako kama mtu anayesoma bei dukani. Ukimgeuzia mgongo umezungumza na ukuta.

Kwa vile hasikii, tuna desturi yetu. Akipanda anavua kofia yake anaiweka juu ya injini. Nikiiona kofia najua shemeji yuko juu, sigusi kitu. Binti Umeme ameiona leo akashika kiuno.

"Hiyo ndiyo usalama wenu? Kofia?"

"Imetufaa tangu hujazaliwa."

"Kuanzia leo anayepanda anachukua ufunguo wa sanduku, anapanda nao mfukoni. Bila ufunguo hakuna wa kuwasha. Mmenielewa?"

Nikasema tumeelewa. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Naye alikuwa anamwangalia midomo, lakini binti yule huzungumza haraka. Alipoondoka tu shemeji akauliza, "Kasema nini?" Nikamwambia, "Kasema kofia yako inanuka." Akainusa.

Jumamosi

Siku ya majaribio. Kila Jumamosi mchana nakiliza kidogo, bondeni wanajua ni jaribio kwa sababu kinakatika haraka. Nimegeuza ufunguo: taa nyekundu. Mlango wa juu uko wazi, inasema. Shemeji kapanda, kaukuta umefungwa vizuri. Kateremka. Taa bado nyekundu. Kapanda tena, kaupiga ngumi, taa ikazimika. Injini ikawaka, rilei ya oili ikasema *tak*, ikazima. Nimeongeza oili, ikawaka. Nimechoka kuliko injini.

Jumatatu, tarehe 9

Mvua usiku kucha, na mchana imeendelea kama mtu asiyejua kuaga. Nimeteremka bondeni kwa dada na kwa fundi viatu, buti langu linakunywa maji. Fundi viatu ana kibanda cha mwisho kabisa, hatua chache na mto, na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mimi humwambia ndiyo sababu kila buti analoshona linakwenda upande.

"Buti lako halina shida," akasema, "shida ni wewe unalipeleka kilabuni."

"Ukizama mwaka huu nitapata wapi fundi wa kunitukana?"

"Mimi sizami. Mimi nikisikia king'ora naanza safari kabla ya wenye miguu. Wao wanatafuta masufuria, mimi natafuta ngazi." Akakata uzi kwa meno. "Wewe nipe muda tu, mzee. Mbio zangu ni muda."

Mkewe alikuwa anaanika nguo ndani ya nyumba, maana nje hakuna kinachokauka. Akasema, "Msikilize, anajifanya anatania." Mimi mwenyewe najua kutania ni nini.

Jumatano

Mvua.

Alhamisi

Mvua. Paa la kibanda limepata jicho jipya. Sufuria chini yake.

Jumamosi, tarehe 14

Jaribio. Taa nyekundu tena. Mlango umefungwa, nimeuona kwa macho yangu kutoka chini. Swichi yake inaingia maji halafu inadanganya kwamba mlango uko wazi. Shemeji kapanda na kushuka mpaka miguu inamtetemeka. Binti Umeme kaja, kabadilisha swichi, kaenda. Ikawaka. Halafu oili, *tak*, ikazima.

Hapo nikamwambia. "Mwanangu, niambie ukweli. Siku maji yanakuja, huyu mkwe wa oili atazima injini ili isiharibike?"

"Oili ikiisha injini itakufa, babu. Ikifa hakuna king'ora."

"Na akizima, kuna king'ora?"

Nikaendelea, maana akinyamaza mtu kama yule ni lazima uitumie nafasi. "Injini ife, watu wapone. Au ofisi imenunua injini ili watu waiokoe?"

Akaangalia sanduku kwa muda. Nilijua nimemgusa mahali.

Jumanne

Amerudi na ufunguo mpya wenye pande mbili. Upande mmoja JARIBIO, mwingine DHARURA. Kwenye JARIBIO wakwe wote wana sauti. Kwenye DHARURA oili na joto watapiga kengele tu, injini itaendelea mpaka ife. Kasema alilala na swali langu, hakulipenda, lakini lilikuwa swali.

"Na mlango?" nikauliza. "Huyo mwongo wa taa nyekundu?"

"Huyo habadiliki. Injini ni ya ofisi, tunaweza kuiua. Mkono wa mtu si wa ofisi."

Nikasema sawa. Moyoni sikusema sawa.

Jumatano

Dada amepanda kuniletea vitunguu na maneno. Anasema jaribio la Jumamosi huko bondeni lilisikika kama mbuzi mwenye mafua. "Kaka, zamani kilikuwa kinatutoa kitandani. Sasa hivi mpaka nizime redio."

Shemeji alipokuja nikamwonyesha midomo vizuri, nikamwambia: "Mkeo anasema king'ora kinakohoa. Ni uvivu wako. Unapaka grisi mlangoni, ndani huingizi mkono."

"Ndani kuna nini?"

"Utajuaje, na huingizi mkono?"

Akacheka kidogo. Nikaendelea, maana mimi nikipata mzaha sijui kuushusha. Nikamwambia siku dada yangu akizama nitamtafutia mume mwenye masikio. Hilo hakulichekea. Labda midomo yangu haikuonekana vizuri.

Jumamosi, tarehe 21

Jaribio. Taa nyekundu. Mlango umefungwa. Swichi mpya, uongo ule ule. Shemeji hakuja, ana homa. Nimepanda mwenyewe nusu ya ngazi, goti likasema hapana, nikateremka. Nikachukua kipande cha waya nikaziunganisha nguzo mbili, vile vichuma vinavyoshika nyaya, za ile rilei ya mlango, iamini kwamba mlango umefungwa. Taa ikazimika. Injini ikawaka kama mtoto mtiifu.

Binti Umeme akanikuta. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akauchomoa waya.

"Babu, waya huu unajua unaweza kufanya nini?"

"Unaweza kuwasha injini."

"Na shemeji yako akiwa juu?"

"Yuko nyumbani ana homa. Na kofia haipo."

"Kofia," akasema, kama mtu anayetema mbegu. Akaondoka.

Waya aliuacha juu ya meza. Nimeutia mfukoni. Kwa nini upotee.

Jumatatu

Mvua.

Jumanne

Mvua. Mkuu wa ofisi kapiga simu kuuliza kama tunahifadhi dizeli vizuri. Nikamwambia tunainywa.

Jumatano

Mto umebadilika rangi. Kutoka huku juu unaonekana kama chai iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.

Jumamosi, tarehe 28

Naandika ya Alhamisi. Jana sikuweza kushika kalamu, na leo naiona tu, siisikii ikikwaruza. Sikio la kulia limekufa. La kushoto linavuma kama chupa inayopulizwa.

Alhamisi mchana simu ililia. Mpima maji hakunisalimu. Alisema, "Washa sasa hivi, mzee, mto unakuja wote," akakata. Nikageuza ufunguo upande wa DHARURA.

Taa nyekundu.

Nikatukana. Nikaangalia juu ya injini: hakuna kofia. Nikatoka nje nikaangalia juu: mvua ilikuwa ukuta, mnara ulionekana mpaka katikati, kilichobaki ni maziwa. Nikaita. Ni upumbavu kumwita mtu asiyesikia, lakini niliita. Nikarudi ndani. Taa ile ilikuwa imenidanganya mwezi mzima, kila mvua ilipokuwa kubwa, na hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Nikatoa waya mfukoni. Nikafungua sanduku. Ncha moja nikaifunga kwenye nguzo. Nikamwona dada, nikamwona fundi viatu na mguu wake. Nipe muda tu.

Ncha ya pili ilikuwa mkononi nilipogeuka kutafuta koleo. Kwenye rafu pale karibu na mlango hukaa kopo la grisi. Halikuwepo.

Nikasimama. Kopo huenda shemeji kalipeleka nyumbani. Huenda mimi mwenyewe nililihamisha, nina umri wa kuhamisha vitu. Nikahesabu sababu zote za kuunga ule waya, na zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Halafu nikauchomoa nikauangusha, nikaenda kwenye ngazi.

Ile ngazi sitaieleza. Mtu mwenye magoti hataelewa, asiye nayo hana haja ya kuelezwa. Nilipanda kwa mikono. Nilikuwa nasimama, napumua, natukana, napanda. Kila niliposimama nilijua bondeni hawajui kitu, wanakunywa chai.

Alikuwa juu. Kofia kichwani, kwa sababu ya mvua. Miaka yote hajawahi kupanda wakati wa mvua kubwa, ndiyo sababu hatukuwahi kulifikiria: mvua ikinyesha mtu havui kofia. Na ufunguo nilikuwa nimeukuta pale pale kwenye sanduku, hakuna aliyewahi kupanda nao. Mlango wa chuma ulikuwa wazi na mkono wake ulikuwa ndani ya feni mpaka begani, shavu limegusa chuma, macho kayafumba kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Pembeni yake rundo la majani na manyoya. Ndege walikuwa wamejenga humo. Ndiyo maana kilikuwa kinakohoa.

Nikamshika mguu. Alishtuka nusura aanguke. Akanitazama midomo. Nikasema, "Maji."

Akautoa mkono. Tukausukuma mlango, komeo likakataa, lilikuwa limepinda. Nikamwonyesha: wewe shuka, mimi nitaubana. Alishuka zile ngazi kama ndoo iliyokatika kamba. Nikaegemeza mgongo kwenye mlango, nikaziba masikio kwa mabega, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika chuma.

Kikalia. Safari hii hakikuwa na mafua. Kilipita ndani yangu kama maji yanavyopita kwenye gunia. Baada ya hapo sikusikia tena, niliona tu: bondeni vidoti vinatoka nyumbani, vinajikusanya, vinapanda njia. Vingi. Vinapanda vizuri. Na maji yakaja kwenye kona, kahawia, hayana haraka, yana miti.

Injini ilikufa kwa kukosa oili. Sikusikia kufa kwake, nilijua kwa sababu mgongo uliacha kutetemeka. Wakati huo njia ilikuwa imeshajaa watu na hakuna aliyehitaji kuambiwa tena. Binti alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, injini ya ofisi ilikufa na watu wakapona.

Dada alipanda na godoro na redio. Mke wa fundi viatu alipanda ameshikwa mikono na majirani. Fundi viatu walimkuta jioni ile ile, maji yalipopungua, kwenye ngazi za mawe zinazotoka bondeni. Alikuwa ameshaanza safari. Zilibaki ngazi chache.

Jumapili

Dada na shemeji wako hapa kwangu. Mimi nalala kibandani pamoja na injini iliyokufa. Hatukoromeani.

Dada amekasirika nami. Anapaza sauti, nusu naisikia. "Kaka, mpima maji anasema alikupigia mapema. Mapema! Ulikuwa wapi? Ulikuwa umelala?"

Nikamwambia magoti.

"Magoti gani? Kuwasha injini kunataka magoti?"

Shemeji alikuwa anatazama midomo ya mkewe. Halafu akatazama yangu. Mimi nikanywa chai.

Jumatatu, tarehe 30

Binti Umeme kaja. Kauona waya sakafuni chini ya sanduku, kauokota, kaukunja. Kauliza, nikamweleza yote, kwa sababu yeye si ndugu yangu na hatamwambia dada. Akakaa juu ya ndoo.

"Ungeunganisha," akasema, "yule fundi wa kwenye ngazi za mawe angefika."

"Na shemeji angebaki nusu."

"Ndiyo."

Nilitafuta mzaha, nikakuta mfuko mtupu. Halafu akaniambia niweke sikio la kulia kwenye kitambaa cha moto. Sijawahi kumwona mtoto yule amechoka. Nikamwambia kazi yake ni nzuri. Hakujibu, nadhani sikulisema kwa sauti niliyodhani.

Jumatano

Jua. Hakuna anayelitaka.

Ijumaa

Leo kilikuwa kikao, kwenye darasa la shule, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yakiwa masikioni. Mkuu wa ofisi mbele na karatasi zake. Alianza kwa kusifu mitambo. Kisha akauliza, kwa adabu, kwa nini kati ya simu na mlio kulikuwa na muda.

Wote wakanigeukia. Mke wa fundi viatu alikuwa amekaa mstari wa mbele, karibu kabisa na ubavu wangu. Nikasimama. Nikasema: magoti yangu ni mabovu, taa ilikuwa nyekundu, ikabidi nipande kuhakikisha mlango, ngazi ni ndefu, mimi ni mzee, mnaweza kunibakisha au kunifukuza, kwenye mshahara hamtaona tofauti. Wengine wakacheka kidogo. Dada hakucheka. Nikaketi, nikadhani imekwisha.

Shemeji akasimama. Mtu huyu nimemwita mvivu msimu mzima, na mwoga, na ukuta. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama wanavyozungumza wasiojisikia, darasa zima likajaa.

"Nilikuwa mimi. Mlango niliufungua mimi. Nilikuwa juu, mkono ndani, kofia kichwani, ufunguo niliuacha. Angewasha kwa waya ningekufa. Alikuja kunitoa. Muda mnaoutafuta niliula mimi."

Dada aliweka mkono mdomoni. Mkuu wa ofisi akageuza karatasi kutafuta mahali pa kuandika hilo.

Mke wa fundi viatu akainuka, akamwendea shemeji, akasimama mbele yake uso kwa uso. Akamwuliza polepole, naye akaiona midomo, "Ulikuwa unafanya nini huko juu?"

"Nasafisha," shemeji akasema. "Kilikuwa kinakohoa. Nilitaka huku chini msikie vizuri."

Yule mama akamtazama. Akajitanda kanga yake. Alipokwisha kugeuka, anaelekea mlangoni, akasema, "Tulisikia vizuri."

Tulipanda kilima mimi na shemeji, dada kabaki nyuma na wanawake. Njia bado ina tope, buti langu linakwenda upande. Karibu na kona shemeji akanishika mkono, akanigeuza nimwangalie.

"Aliponigeuzia mgongo. Alisema nini?"

Watu walikuwa wanapita. Nilikuwa na maneno mengi ningeweza kumpa. Maisha yangu yote nimempa mtu huyu maneno ya uongo na tumecheka.

"Alisema walisikia vizuri."

Akatazama midomo yangu, hakuamini. "Rudia."

Nikarudia, kwa sauti zaidi, mpaka watu wakageuka. "Walisikia vizuri."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi," akaendelea kupanda, nami nikamfuata taratibu nyuma yake, kila mmoja na sikio lake.